Saa ya Kuazima na Saa ya Plastiki

Miaka sita nilivaa saa moja tu, ya plastiki nyeusi, ya tarakimu, niliyoinunua Mtwara kwenye meza iliyouza pia nyembe, miswaki na sindano za cherehani. Nilioga nayo, nililala nayo, niliingia nayo majini pale Tungue kutafuta kaa, na haikulalamika. Mkanda ulikatika mara mbili nikaushona kwa uzi wa nyavu. Tabia yake ya kuudhi ilikuwa moja: kila saa ilipotimia ililia pii-pii, na sikuwahi kujua kitufe cha kuinyamazisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na wanafunzi wangu waliizoea saa ile hata wakawa wanaijibu, darasa zima, pii-pii, katikati ya hesabu za kugawanya.

Mtu wa mbali atauliza saa ya mkononi ya nini, na simu anayo. Aje akae kwetu wiki moja. Ng'ambo ya Ruvuma wako mbele yetu kwa saa nzima. Kwao ikiwa saa nne, kwetu ni saa tatu. Na simu zetu hazina uzalendo. Ukifika Namoto, penye kivuko, simu inakamata mtandao wa Tanzania na kurukia saa ya Tanzania bila kukuaga. Ukirudi Palma nayo inarudi, ikipenda. Ndiyo maana watu wa hapa wakiahidiana huulizana kwanza, "Ya huku au ya kule?" Mimi nina na hesabu ya tatu, maana darasani nasema kwa Kireno, quinze horas, nikitoka nje ni saa tisa, na mfanyabiashara akinipigia kutoka ng'ambo ananiambia ni saa kumi. Jua ni lilelile moja, wala halina habari na sisi.

Mkanda ulipokatika mara ya tatu, nilichoka kushona nikampelekea fundi saa. Huyu ni mzee ambaye baba yake alitoka Lindi, na meza yake iko sokoni, chini ya bati, na kioo chake cha jicho amekifunga kwa mpira kichwani hata anaposwali nadhani hukisahau. Siku ile hakuwapo. Aliyekuwa mezani ni binti yake. Aliipokea saa yangu kwa vidole viwili, akaigeuza, akatazama zile nyuzi za nyavu.

"Saa hii haitengenezwi, mwalimu," alisema. "Inasamehewa."

Tangu siku hiyo saa yangu iliugua mara kwa mara. Mara mkanda, mara betri, mara nilitaka tu kujua kama ni lazima iwe inalia. Nilimpenda yule binti na sina sababu ya kulizungusha neno hilo. Baada ya miezi kadhaa mama yangu alituma wazee na barua ya posa, kama inavyotakiwa. Jibu la fundi likaja si la kawaida: barua ameiona, wazee amewakirimu, lakini kabla ya kusema ndiyo au hapana anataka kijana aje mwenyewe, peke yake, Jumamosi saa tisa alasiri, amtazame. Kwetu kijana haendi kujiposea. Mama alikunja uso. Mimi niliingiwa na hofu, maana nilikuwa nimesikia kwamba mtu mmoja wa Pemba, ile ya huku Msumbiji, mwenye gari, naye ametuma wazee nyumba ileile.

Nikamwendea binamu yangu, mtoto wa mjomba. Yeye alikuwa dereva wa wageni wanaofanya kazi za gesi, na mkubwa wake mmoja, siku ya kuondoka kurudi kwao, alivua saa mkononi akampa. Hivyo tu, pale uwanja wa ndege, kama mtu anayetoa nusu ya embe. Sijui saa ile ilikuwa na thamani gani. Najua kwamba binamu alikuwa ameitafuta bei yake kwenye simu, akairudia mara tatu akidhani kidole kimeteleza kwenye sifuri, kisha akaifunga saa ndani ya soksi na kuacha kuivaa kwa woga.

"Fundi saa atamtazama nini mtu kama si mkono?" nilimwambia.

"Chukua," alisema binamu. "Ila hii haitaki betri wala kutiwa ufunguo. Inataka mkono wa mtu. Ukiivua siku mbili inakata tamaa, inasimama."

Ilikuwa Jumanne. Niliivaa Jumatano na Alhamisi ili nizizoee adabu zake, na niseme kweli, nilifurahi. Ilikuwa nzito, ya chuma kilichong'aa bila kelele, na mshale wa sekunde haukuruka tik, tik, kama wa saa zetu. Uliteleza tu, mfululizo. Yangu ilikuwa nyepesi, usiku nikiisahau mkononi. Hii ilinikumbusha kila dakika kwamba ninayo. Bega la kushoto likaanza kushuka. Sokoni, samaki aliyekuwa na bei yake jana akapanda bei mbele ya macho yangu, na nilipobisha mwuzaji akatazama mkono wangu akasema, "Mwalimu, weye wa kubishana na mie?" Askari wa njiani, ambaye miaka yote aliniita "pst", aliniita chefe, yaani mkubwa. Shemeji zangu wawili niliokuwa sijawaona tangu Ramadhani walikuja kunijulia hali siku moja. Mama alinitazama nikila, akasema bila kuinua sauti, "Umeitoa wapi?" Nikamwambia ya kuazima. Akasema, "Kula polepole basi, usiimwagie mchuzi."

Alhamisi usiku woga wa binamu ukaniambukiza. Nikaitia saa kwenye soksi, soksi kwenye debe la mchele, na Ijumaa nzima sikuigusa.

Jumamosi asubuhi nilipanda pikipiki hadi Namoto kuchukua halua niliyoagiza kutoka ng'ambo, maana mkono mtupu haulambwi, na wa mchumba hautazamwi kabisa. Saa ya plastiki nilikuwa nayo mkononi kwa ajili ya vumbi, ile nzuri nilikuwa nayo mfukoni ndani ya soksi yake. Halua ilipofika, nikaona nibadilishe palepale ili nirudi Palma nikiwa mtu kamili. Kufungua soksi, saa imesimama. Nikaitikisa kama nilivyoelekezwa, ikaamka. Nikatoa simu, nikatazama saa kwenye simu, nikaivuta ile mishale hadi ikalingana sawasawa, kwa dakika. Ya plastiki nikaitumbukiza mfukoni bila kuitupia jicho.

Msomaji ameshaliona kosa. Mimi, mzaliwa wa hapa, ninayefundisha watoto wa hapa kwamba huku na kule si saa moja, sikuliona. Niliporudi Palma simu nayo ilirudi kwenye saa yetu, lakini nani aliitazama? Mtu mwenye saa ya namna ile hatoi simu kuuliza wakati.

Nilipiga hodi kwa fundi saa tisa kasoro dakika tano, kwa saa ya mkononi. Jua lilikuwa juu kuliko nilivyotazamia, nikalilaumu jua. Adhana ya alasiri sikuwa nimeisikia, nikajiambia imemezwa na mlio wa pikipiki. Mlango ulifunguliwa na binti mwenyewe, kichwa amesukwa nusu, nusu nyingine imesimama wima, na ufagio mkononi.

"Mbona saa hizi?" alisema.

"Saa tisa si ndiyo hii?"

Akautazama uwanja, akatazama kivuli cha ukuta, akanitazama mimi. "Tisa ya wapi?" Kisha akauegesha mlango na kukimbia na nusu kichwa chake.

Fundi alitokea amevaa singlendi na msuli, anafuta vidole. Harufu ya wali wa nazi ilimfuata. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema, "Karibu. Umewahi." Nikalichukua kuwa ni sifa. Tukakaa mkekani. Nikaiweka halua katikati, na mkono wa kushoto nikauweka juu ya goti mahali penye mwanga.

"Nionyeshe hiyo," alisema.

Moyo wangu ulijaa. Nikaivua nikampa. Aliipima uzito kiganjani, akaiweka sikioni akafumba macho, akaigeuza.

"Nzuri."

"Ahsante, mzee."

"Yako?"

Ningeweza kusema ya kuazima. Mama nilimwambia, na mbingu haikuanguka. Lakini palikuwa na pazia nyuma ya mzee, na chini ya pazia niliiona miguu miwili niliyoijua. Nikasema, "Yangu, mzee."

Alikuwa bado anaitazama. Na hapo, mfukoni mwangu, kwa uaminifu wake wote wa miaka sita, ikalia: pii-pii.

Fundi akainua macho. "Na hiyo ya mfukoni ya nani?"

"Yangu."

"Inasemaje?"

Niliitoa. "Saa nane kamili."

"Na hii?"

Hakukuwa na haja ya kuisogelea. "Saa tisa kamili."

"Basi una saa mbili, mwanangu, zote zako, na bado umenikuta na wali mdomoni."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba. Kicheko kile kiliniuma kuliko maneno. Mzee akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na kichupa cha dawa, akakipindua. Vipande viwili vya chuma vikaanguka kiganjani mwake, vinang'aa, vya rangi ileile ya mkanda.

"Hivi nlivitoa mwenyewe, mwaka jana," alisema. "Mtoto wa mjomba wako aliileta nimpunguzie mkanda, na hivi akasema nimwekee. Nikaifungua na nyuma, kwa uroho wangu tu, niione ndani. Saa ya kweli hii, usiwe na shaka nayo. Feki hapa ni weye."

Kama ardhi ingepasuka ningeingia kwa hiari yangu, na halua yangu. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakigongana. Akanizuia kwa kiganja.

"Sikusemi kwa kuazima. Watu wanaazima hata kanzu ya kuolea. Mie nlikuuliza neno moja, jepesi." Akanirudishia ile ya chuma. "Shule mnafunga lini?"

"Wiki ijayo."

"Njoo ukae na mie mezani siku sita. Uvae hiyo inayolia."

Nilitoka bila kujua nimekataliwa au nimeajiriwa. Binamu, nilipomrudishia saa yake na kumweleza, alianguka chali kwa kicheko. "Kwani sikukwambia? Fundi si ndiye aliyeipunguza!" Nikamwambia hakuniambia. Akasema, "Basi nlisahau." Siku mbili sikusema naye.

Zile siku sita, nilidhani nitasimangwa. Sikusimangwa. Nilipewa brashi ndogo na petroli kidogo kwenye kifuniko, nikasafisha mikanda ya watu. Mzee alisema machache. Binti alileta chai saa nne, akaiweka upande wa baba yake, nami nikajisogezea. Siku ya pili aliniuliza, bila kunitazama, kama saa yangu na jua vimepatana. Nilijua hapo kwamba bado sijafutwa.

Siku ya tatu binamu alikuja na saa yake, kwa sababu ilikuwa inachelewa, na nadhani pia kwa sababu alitaka kuniona na brashi. Fundi akaifungua nyuma. Akaniambia nivue na yangu, akaifungua, akaziweka bega kwa bega juu ya kitambaa cheupe. Ndani ya ile kubwa palikuwa na mji: magurudumu madogo ya dhahabu, mawe mekundu, kitu kimoja kinapumua, kinakwenda na kurudi. Ndani ya yangu palikuwa na betri na kibao cha kijani.

"Ipi bora, mzee?" niliuliza.

"Bora kwa lipi?" alisema. "Ukitaka kujua saa ngapi, hii yako inaishinda. Hii kubwa kwa siku moja inapotea kwa sekunde ambazo yako haipotei kwa nusu mwezi." Binamu akakunja uso, mimi nikavimba. Mzee hakuniacha nivimbe sana. "Ila hii, mjukuu wa huyu binamu yako atamletea fundi, na fundi atajua pa kuishika. Yako ikifa imekufa. Haina hata cha kuzika."

Niseme ukweli wangu: niliitamani ile kubwa hata baada ya aibu yote ile. Watu wanapenda kusema kwamba kitu cha bei ndogo kimewafunza unyenyekevu. Mimi hakikunifunza. Nilipokuwa nikiitazama ikipumua pale juu ya kitambaa, nilitamani mtu angenipa na mimi uwanjani.

Chini ya meza mzee aliweka kopo la biskuti lenye picha ya maua iliyofutika, na kila asubuhi kabla ya kazi alilifungua, akashika saa moja moja, nyingine akizitia ufunguo, nyingine akizitazama tu kama zinatembea, akalifunga. Nilimwuliza binti habari zake. Akaniambia ni saa za watu walioziacha kutengenezwa kabla ya siku tulipokimbia vita, na hawajarudi kuzichukua. Siku ile baba yake aliacha redio, aliacha mbuzi wawili, aliacha vyombo vya ndani, akavuka Ruvuma na kopo hilo amelifunga kifuani kwa kanga. Miaka waliyokaa ng'ambo hakuuza hata moja, na hakuvaa hata moja.

"Na cherehani yangu aliiacha," alisema binti, na hasira yake ilikuwa bado mbichi. "Nlimwambia baba, saa za watu zinakula ugali? Akasema amana haiulizwi chakula. Mie nikalia njia nzima kwa cherehani."

Niliposikia hivyo, ile "yangu" niliyoisema mkekani ilinirudia. Mtu aliyebeba saa za wenzake kifuani, na mimi nimemwendea na ya mwenzangu mkononi nikasema ni yangu. Sikuwa na pa kuuweka uso.

Basi nikataka kumfanyia jambo jema. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya tano mzee alikwenda kuswali adhuhuri akaniachia meza. Nikalitoa kopo ili nilipanguse vumbi. Ndani mlikuwa na saa kumi na tisa, za kawaida zote, za bei ya sokoni, na zote zilitembea. Lakini nane kati ya hizo zilikuwa mbele kwa saa moja kamili. Nikatabasamu. Mzee, nikasema moyoni, na yeye simu yake imemchezea kama ilivyonichezea mimi, ila hakuna wa kumcheka. Nikaketi, nikazivuta zote nane kurudi saa ya Msumbiji, kwa uangalifu, nikizilinganisha na yangu ya plastiki. Nilipomaliza, kumi na tisa zote zilisema neno moja. Nililifunga kopo nikasubiri asubuhi ya kesho, atakapolifungua na kuona nilivyomtunzia.

Haikufika kesho. Mzee alikuwa ndiyo kwanza amerudi na kuvaa kioo chake, akaja mama mmoja aliyeshuka kwenye gari la kutoka kijiji cha Nhica. Alikuwa na ndoo ya karanga kichwani. Akaitua kwanza, akapumua, ndipo akasalimu.

"Mume wangu alikuachia saa," alisema. "Kabla hatujakimbia. Uso mweupe, mkanda wa ngozi, katoboa tundu lake mwenyewe kwa msumari."

"Mwenye duka la mafuta ya taa," alisema fundi.

"Ndiye. Kafia ng'ambo, mwaka wa pili tuko kule. Homa tu."

Fundi akasema inna lillahi, nami nikaitikia. Akainama akalitoa kopo, akaingiza mkono bila kupekua, akatoa saa yenye uso mweupe na mkanda wa ngozi wenye tundu la msumari. Mama yule aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Nikaona uso wake unafunga.

"Siyo," alisema.

"Siyo?"

"Mkanda wake, ndiyo. Lakini hii imesema saa sita. Ya mume wangu ilikuwa inakwenda saa ya kule. Alikuwa mtu wa kuvuka kila wiki, hakutaka kuibadilisha. Tukigombana kwa ajili ya saa hii kila siku ya Mungu. Ananidai chakula sufuria haijachemka, ananionyesha mkono: saa saba hii, mke wangu, saa saba. Namwambia saba ya Watanzania hiyo, mie napika ya Msumbiji." Alikuwa ameanza kucheka, kicheko kikamgeuka. "Nimekuja kuiona vile. Hii si vile."

Fundi alilitazama kopo. Akatoa saa nyingine, ya tatu, ya nne, akazipanga mezani. Zote zilisema sita na dakika zilezile. Nilimwona akielewa. Hakunigeukia.

"Labda kosa langu, mama," alisema taratibu. "Nimezeeka. Nlizitia ufunguo asubuhi, labda nlivuta vibaya."

Mama alitikisa kichwa kama anayemsamehe mzee wa watu. Palikuwa na njia imefunguliwa, pana, na mzee ameshapita mbele yangu. Mama angeondoka na saa yake, sokoni hakuna angejua, na wala sijui kama mzee angelitaja tena. Mimi nilikuwa namtaka binti yake kuliko kitu chochote duniani, na siku iliyobaki ilikuwa moja tu.

"Si yeye, mama," nilisema. "Ni mimi. Mzee alikuwa msikitini. Nilidhani zimekosea, nikazirekebisha. Yako nimeigusa mimi."

Alinitazama kwa jicho ambalo silipendi hata leo nikilikumbuka. Nikamwomba saa. Nikavuta kile kitufe cha pembeni, nikausukuma mshale mrefu polepole, nao mfupi ukaufuata, dakika sitini nzima, mama ameinama juu ya mkono wangu hata nilisikia pumzi yake.

"Hapo," alisema.

Nikakirudisha kitufe. Akaichukua, akaivaa. Ilikuwa kubwa, akaipandisha karibu na kiwiko ndipo ikashika. Akaitazama, saa saba za ng'ambo, juani Palma.

"Haya, bwana," aliiambia. "Chakula kimechelewa."

Akajifuta kwa pindo la leso, akaipandisha ndoo yake, akaenda.

Mzee akanisogezea zile nyingine saba, akaanza kunitajia bila daftari, kwa kichwa: hii ya mvuvi wa Namoto, ya kule, hii ya mwalimu mwenzako, yeye alipenda kutangulia tu, ya kule, hii ya mama muuza mandazi, ya kule, maana mwanawe yuko Mtwara na alitaka kujua analala saa ngapi. Nilizisukuma zote mbele, moja baada ya nyingine. Niliona aibu mpya, kubwa kuliko ile ya mkekani, kwa sababu safari hii sikuwa nimetaka kujionyesha. Nilikuwa nimetaka kusaidia.

Nilipomaliza ya mwisho nilisema, "Mzee, kesho nisije?"

Alikuwa anakifuta kioo chake cha jicho kwa ncha ya shati, na bila kile kioo alionekana mzee kweli.

"Kosa lile ningelibeba," alisema. "Si zito. Nlitaka tu kuona kama utaniachia."

Akakivaa tena, akainamia saa ya mtu.

"Mwambie mama yako aje," alisema.

Sikumwuliza saa ngapi. Nilikwenda nyumbani mbio, nikamkuta mama anachambua mchele, na tukatoka wakati uleule, unga wa mchele ungali mikononi mwake.